Plastiki Isiyokubali Moto

Vijana wa gereji iliyo nyuma ya stendi ya Kasulu wananisumbua tangu nilipofunga kibanda changu cha uani. Wanasema, "Bibi, andika kazi yako, usije ukaondoka nayo." Naona wameshanichimbia kaburi na bado nakula ugali wangu vizuri. Haya, naandika. Ila asitegemee mtu habari za vyeo, maana sikuwahi kuwa na cheo, na habari za mshahara ndizo hazina hata pa kuanzia. Mimi nilikuwa mwanamke wa nyumbani anayetengeneza plastiki za magari zilizovunjika, kando ya jiko la mkaa, na nimeacha kwa sababu macho yangu hayauoni tena ufa mwembamba. Asiyeuona ufa hana ruhusa ya kuuziba.

Asubuhi nikikaa barazani, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, miaka ile ya sabini hunirudia. Haiji kwa mpangilio. Huja kwanza harufu, kisha mikono, kisha mtu mwenye mikono hiyo. Wakati mwingine nashtuka kuona chai imepoa na jua limeshafika kwenye ukuta wa jirani, na mimi bado niko Kibondo.

Lakini kabla ya Kibondo kulikuwa na Titye, kwa mama yangu. Mama alikuwa mshona vibuyu. Kibuyu cha maziwa kikipasuka hakikutupwa, kililetwa kwake, hasa kile kikubwa cha kusukia siagi, ambacho mwanamke alikuja nacho siku ya kuolewa. Mama hakuanza na mshono. Alianza kwa kutafuta mahali ufa unapoishia, akatoboa tundu dogo pale pale, mbele kidogo ya mkia wa ufa. Watu waliomwona kwa mara ya kwanza walishangaa: kitu kimepasuka, na wewe unakitoboa tena? Mama alisema ufa ni msafiri, ukikuta tundu unadhani umefika. Baada ya hapo ndipo alitoboa vijitundu huku na huku, akashona kwa uzi wa gome la mti, akapaka nta ya nyuki. Maziwa hayakuvuja tena. Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na sikujua kama ina faida nje ya Titye.

Niliolewa na Filipo, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kibondo. Siku zile plastiki ilikuwa imeingia kila nyumba: besheni, ndoo, sahani, dumu. Iliingia kwa shangwe na ilipasuka kwa shangwe ile ile. Sokoni, chini ya upenu wa duka, alikaa mzee aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka ule watu walipovuka kwa wingi. Aliitwa Baba Spesi. Alikuwa na jiko la mkaa na kisu kimoja kipana, naye aliunga besheni kwa moto: anachovya kisu kwenye makaa, anakipitisha juu ya ufa, plastiki inayeyuka na kushikana.

Siku ya kwanza nilimpelekea besheni langu. Nilimpigia makofi ya salamu, kama tufanyavyo Waha kwa mtu mzima, naye akayapokea kwa makofi yake. Tukaulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za shamba, za ng'ombe ambao hakuna kati yetu aliyekuwa nao. Tulipomaliza, kisu chake kilikuwa kimepoa. Akakirudisha kwenye makaa. Akaja mwanamke mwingine, salamu zikaanza upya, kisu kikapoa tena. Ukitaka kujua kwa nini kazi ya siku ile ilikwenda polepole, ni kwa sababu tulikuwa watu wenye adabu.

Yeye alimwuliza kila mteja swali moja. "Hujamwona binti yangu, Spesiyoza? Ana kovu hapa kidevuni." Walipovuka, walipotezana katika msongamano wa watu, yeye akaingia Tanzania kwa njia moja na binti kwa njia nyingine, au labda hakuingia kabisa. Alikuwa amebakiwa na huyo tu. Aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye plastiki, na jibu likija kuwa hapana, alisema "Ego," yaani haya, kwa Kirundi, akaendelea na kazi. Mimi nilimwonea huruma siku hiyo hiyo, na nilirudi kesho yake bila besheni.

Kazi ya magari ilianza na taa ya nyuma ya lori la Filipo. Iligongwa na pembe ya ng'ombe, plastiki yake nyekundu ikapasuka vipande vitatu, na mjini kote hakukuwa na nyingine. Spea siku zile zilikuwa kama mvua ya mwezi wa saba, watu wanaizungumzia tu. Nilivibeba vipande kwenye kanga nikampelekea Baba Spesi. Yeye akataka moto. Mimi nikataka tundu.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, "ukitoboa unaongeza ugonjwa."

"Mzee, ukichoma bila kutoboa, ufa utakimbia mbele ya kisu."

Tulibishana mpaka tukachoka, tukafanya yote mawili. Nilitoboa mkia wa ufa kwa msharasi wa moto, nikashona kwa waya mwembamba wa shaba, naye akaupasha waya moto ukazama ndani ya plastiki, akafunika juu kwa plastiki ya rangi ile ile iliyotoka kwenye sahani ya mtoto. Taa ilirudi kwenye lori ikiwa na kovu, lakini ilirudi. Baada ya hapo madereva walianza kuja nyumbani kwetu. Baba Spesi akahamishia jiko lake uani kwangu, na Filipo akamjengea chumba kidogo cha udongo nyuma ya jiko letu.

Niwaambieni jambo la kazi, maana mlisema mnataka mambo ya kazi. Plastiki si moja. Kata kipande kidogo, kiwashe. Ikiwaka taratibu na kudondoka matone, inanuka kama mshumaa uliozimwa, hiyo ni ndugu yake dumu, inakubali moto, iunge kwa kisu. Ikitoa moshi mweusi wenye nyuzi za masizi, hiyo ni ile ngumu inayolia ukiigonga kwa kucha. Chukua kalamu mbovu ya plastiki ya aina hiyo, ikatekate ndani ya petroli, mbali na jiko tafadhali, iache ilale. Utapata gundi inayoshika vizuri kuliko ya dukani. Na ikikataa kuyeyuka kabisa, ikaungua tu na kuwa makaa, ikanuka kama sabuni ya dawa ya hospitali, weka kisu chini. Hiyo haikubali moto, na ukiilazimisha itakuaibisha.

Tulijifunza hilo kwa gari dogo la mkaguzi mmoja wa shule. Injini za petroli za wakati ule zilikuwa na distributa, kidude kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi, na juu yake kifuniko cha plastiki ngumu, nyeusi au ya kahawia, chenye masikio ambamo nyaya huingia. Kifuniko chake kilikuwa na ufa. Tukatoboa kwa moto kama kawaida yetu, tukashona kwa waya, tukakirudisha kwa majivuno. Injini ikawaka, ikakohoa, ikazima. Ikawaka, ikakohoa. Jioni, giza lilipoanza kuingia, Filipo akafungua boneti huku injini ikikohoa, akatuita. Tuliona cheche ndogo za buluu zikitembea juu ya mshono wetu, zikifuata waya na masizi ya yale matundu, zinapita nje badala ya kwenda kwenye plagi. Zilikuwa nzuri sana. Tulisimama pale sote watatu tukizitazama, na mwenye gari naye akazitazama, mpaka akakumbuka kwamba ni gari lake.

"Umeme unapenda masizi," Baba Spesi alisema. "Tumeujengea barabara."

Kifuniko kipya kilikuja kutoka Dar es Salaam baada ya muda mrefu, mkaguzi akiwa ameshahamishwa wilaya nyingine. Tulikitumia kuwafundishia watu subira.

Baadaye mwenye lori alihamishia biashara yake Kasulu, nasi tukahama, na Baba Spesi juu ya mizigo na jiko lake mapajani. Kasulu alikuwa na watu wapya wa kuwauliza. Nikiikumbuka miaka ile naiona kama asubuhi moja ndefu. Ukungu hauondoki, mvuke wa viazi unatoka jikoni, mzee amekaa kwenye kigoda anasugua usukani uliopasuka kwa msasa, mbele nyuma, mbele nyuma, na mimi nashona karibu yake na hatusemi neno. Baba yangu alifariki nikiwa sijajua kutembea. Sikuwahi kukaa na mtu mzima wa kiume namna ile, mkiwa mmenyamaza na hakuna aliyekasirika. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha, jambo ambalo si la kila siku.

Habari zikaja kupitia mchuuzi wa nguo. Alikuwa ametoka kwenye makazi mapya ya wakimbizi kule upande wa Tabora, ambako watu walikuwa wamepewa mashamba. Alimwona binti mwenye kovu kidevuni, anaishi na familia iliyovuka naye, anamwuliza kila mgeni kuhusu baba anayeunga besheni.

Baba Spesi aliweka kisu chini. Hakulia. Alipiga makofi ya salamu mara nyingi, taratibu, kama vile mchuuzi ndiyo kwanza amefika. Mimi nilimfurahia kwa moyo wote, na moyo huo huo ukaniuma.

Haikupita muda, lori la Filipo likakodiwa kuwapeleka huko waliokuwa bado hawajahamia. Ilikuwa safari ya mwisho. Mvua zilikuwa zimeanza kunyesha milimani, na kila mtu alijua kwamba Malagarasi ikishafurika kule tambarare, njia inafungwa mpaka kiangazi. Anayeondoka aondoke sasa. Anayebaki, atamwona mtoto wake mwakani, Mungu akipenda, na Baba Spesi alikuwa amekonda sana na kifua chake kilikuwa hakimpi raha. Alisema waziwazi kwamba mwaka ujao si wake.

Asubuhi ya safari lori lilisimama mbele ya nyumba yetu, watu wameshapanda na mikeka, sufuria na kuku zao. Kulikuwa na unyevu mwingi, gari likakataa kuwaka, Filipo akafungua distributa ili aikaushe. Vidole vyake vilikuwa baridi. Kifuniko kilimponyoka, kikagonga jiwe.

Alikileta kwangu kama mtu anayeleta habari ya msiba. Ufa ulikuwa umetoka kwenye sikio moja mpaka karibu na la pili, na kipande cha ukingo kilikuwa kimemeguka. Kasulu nzima haikuwa na kingine cha kulitosha lori; kile cha mkaguzi kilikuwa cha gari dogo. Juu ya lori watu wakainama kukitazama, hata kuku nadhani.

Baba Spesi akashuka na blanketi lake begani. Akakichukua kile kifuniko, akakigeuza, akakiweka mikononi mwangu.

"Shona."

"Shona wewe, mzee. Mkono wako ndio mkubwa."

"Oya, hapana, mwana wanje. Mwenye kiu hashoni kibuyu. Nitaharakisha." Akaenda kukaa kwenye jiwe, akanipa mgongo.

Basi nikaachiwa mimi, na mimi sikutaka aende. Naliandika hili bila kuzunguka. Nilikuwa nimeshika mikononi kitu ambacho kikipona kinaniondolea mtu niliyempenda kama baba, na kisipopona mtu huyo anabaki uani kwangu, akisugua usukani katika ukungu, akimwaza binti yake mpaka afe. Mikono yangu ilikuwa mizito. Nikaanza na mkia wa ufa, kwa sababu ndipo pa kuanzia.

Moto ulikuwa haramu, na waya ulikuwa haramu. Nilikiosha kwa petroli, nikakwangua kwa wembe kila weusi uliokuwa ndani mpaka plastiki ikarudi kahawia. Nikatoboa kwa msharasi wa baridi, nikiusokota kati ya viganja, polepole, maana plastiki ile ukiisukuma inapasuka kwa hasira. Tundu la kwanza peke yake lilinichukua muda ambao watu walishuka kwenye lori, wakawasha moto uani, wakaanza kuchemsha viazi. Nilishona kwa uzi wa nailoni wa wavuvi uliotoka Kigoma ziwani, usiopitisha umeme. Kipande kilichomeguka nilikirudisha kwa gundi ya dukani, ile ya mirija miwili inayochanganywa.

Ilibaki kufunika mshono ili unyevu usiingie. Nilikimbia dukani kwa Bi Mwanaidi, mke wa muuza vitambaa, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke pekee mtaani kwetu aliyekuwa na rangi ya kucha.

"Rangi ya kucha?" alisema. "Yustina, mkono gani huo wenye masizi unataka kupaka rangi?"

"Si mimi, dada. Ni gari."

"Na gari linaolewa lini?"

"Leo leo, likikauka."

Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akanipa chupa nzima. Nilipaka ndani na nje, tabaka juu ya tabaka, nyekundu inayong'aa. Kifuniko kikawa kimependeza kuliko gari lenyewe. Filipo alitaka tukisogeze karibu na makaa gundi ikauke haraka. Nikamkatalia. Tukakiweka juani, na jua lenyewe likawa linatoka na kuingia kwenye mawingu, na mimi nikawa nakihamisha kulifuata.

Kilipokuwa tayari Filipo alikifunga, akazungusha hendeli. Injini ikawaka. Haikukohoa. Ilinguruma sawasawa, na watu walipanda haraka haraka wakiacha maganda ya viazi uani kwangu.

Baba Spesi alikuja mbele yangu. Tulipigiana makofi ya salamu, yote, bila kuruka hata moja, na Filipo hakupiga honi. Kisu chake hakuniachia. Watu wa hadithini ndio huachiana visu. Yeye alikuwa anakwenda kuanza maisha, alikihitaji. Alinishika mikono miwili akaitazama, akasema, "Buhoro, mwana wanje." Polepole. Kisha akasaidiwa kupanda.

Lori lilishuka bondeni likaingia kwenye ukungu. Sikuliona tena ila nililisikia. Nilisimama njiani nikalisikiliza likipanda kilima cha pili, likipotea, likirudi kwenye kilima cha tatu likiwa dogo kama mlio wa nyuki. Nilikuwa nasikiliza kama litakohoa. Sikujua naomba likohoe au lisikohoe. Hata lilipokwisha kabisa niliendelea kulisikia, na bado siku nyingine asubuhi nalisikia.

Filipo alirudi mvua zikiwa zimeshika, kwa kuzunguka njia ya mbali. Alikula kwanza. Kisha akanisimulia kwamba walifika, kwamba Spesiyoza alikuwa shambani, watu wakamwita, akaja na jembe mkononi akasahau kuliweka chini, akamkumbatia baba yake jembe likiwa bado mkononi, ikabidi watu walichukue asimkate. Nilicheka. Nilimshukuru Mungu.

"Kuna jambo jingine," Filipo akasema. "Kule Malagarasi. Maji yalikuwa yameanza kupanda juu ya barabara. Yaliruka yakaingia kwenye injini, gari likazima katikati ya tambarare. Nikafungua kifuniko chako, nikakikuta kimelowa ndani. Nikasema nichome nyasi nikikaushe."

"Nyasi gani, Filipo? Hukunisikia?"

"Nisikilize. Mzee alishuka akanipokonya. Akakifuta kwa shati, akaupitishia kidole mshono wako, wote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akafungua vifungo, akakiweka kifuani, akajifunika blanketi, akakaa kwenye madigadi. Akatuambia tusimsemeshe. Watu wanamlilia, mzee, maji yanapanda, tuwashe moto. Akasema plastiki hii haitaki moto, inataka joto la mtu. Alikaa hivyo, Yustina. Maji yalifika kwenye nusu ya matairi. Kilipokauka, akanipa, kina joto. Gari likawaka mara moja."

Nilikwenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, nikalia. Filipo alidhani nalia kwa sababu mzee ameondoka, akanibembeleza kwa hilo, nami nikamwacha. Katika watu wote waliokuwa kwenye lori lile hakuna aliyekuwa na haraka kumzidi, na kazi niliyoifanya kwa mikono mizito, yeye alikataa kuiharakisha kwa moto.